Siye Huyu

Mwaka 1986 polisi wa Leicestershire, Uingereza, walikuwa na kesi waliyodhani imekwisha. Wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wamebakwa na kunyongwa katika vijiji jirani vya Narborough na Enderby, mmoja Novemba 1983, mwingine Julai 1986. Kijana wa miaka 17 alikamatwa, akahojiwa, akakiri kumuua yule wa pili. Yule wa kwanza alimkana katakata. Polisi wakamwendea Alec Jeffreys, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye Septemba 1984 alikuwa amegundua njia ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba vyao. Hawakwenda kumuuliza kama kijana ana hatia, kwani hilo waliona wameshalijua. Walitaka awathibitishie kwamba alimuua na yule wa kwanza.

Jeffreys alirudi na majibu mawili. La kwanza ni kwamba manii yaliyopatikana kwa wasichana wote wawili yalikuwa ya mwanamume mmoja, kama polisi walivyokuwa wakisema siku zote. La pili liliwavurugia kazi nzima: mwanamume huyo siye kijana aliyekuwa mahabusu. Hawakuamini. Maabara ya serikali ikarudia kipimo, majibu yakawa yale yale, na kijana akaachiwa.

Sehemu inayosimuliwa sana ni ile iliyofuata. Mwanzoni mwa 1987 wanaume wa eneo lile waliombwa watoe damu kwa hiari. Walijitokeza wapatao 5,000 na hakuna aliyelingana, kwa sababu muuaji, mwoka mikate aitwaye Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Mwenzake huyo akaja kuropoka baa, mwanamke mmoja akasikia, habari zikafika polisi. Pitchfork alikamatwa Septemba 1987, vinasaba vyake vikalingana, na Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Sasa angalia nani alifanya nini. Kumtoa asiye na hatia, maabara ilifanya peke yake, tena ikipingana na mtu aliyekiri kwa kinywa chake. Kumpata mwenye hatia kulisubiri maneno ya baa.

Mimi ni mtu wa maabara, ila ya hospitali. Kazi yangu ni damu, mkojo na makohozi ya watu walio hai, na sijawahi kushika kielelezo cha mauaji. Hilo haliwazuii ndugu na marafiki kunipigia simu kila tamthilia mpya ya upelelezi inapotoka, kuniuliza kama kweli unywele mmoja unaweza kumfunga mtu. Wanaipenda sana ile hatua kompyuta inapolia na sura ya mshukiwa kujitokeza kwenye skrini. Ninachokipenda mimi hakuna mtayarishaji atakayekipa hata sekunde kumi: majibu yanayosema hapana.

Kwa kweli hapana ya maabara ina nguvu kuliko ndiyo yake. Maabara ya vinasaba haisomi vinasaba vyote vya mtu. Inachagua sehemu chache ambako kipande kifupi hujirudia-rudia, kisha inahesabu marudio. Mtu mmoja ana 12 aliyorithi kwa mama na 15 kwa baba, mwingine ana 9 na 12, na kadhalika. Marekani, tangu 2017, huangalia sehemu 20 za namna hiyo. Kama doa ni safi, la mtu mmoja, na hesabu zake zinatofautiana waziwazi na za mshukiwa, mjadala umekwisha, doa si lake. Lakini zikifanana zote, bado mpimaji hajasema "ni yeye". Amesema "siwezi kumwondoa". Hapo ndipo inapoanza hesabu ya pili: ni watu wangapi wengine, wasio ndugu zake, wangeweza kufanana hivi kwa bahati tu? Kwa sehemu zote 20 uwezekano huo ni mdogo mno. Kwa doa lililooza likatoa sehemu nne au tano, au kwa mchanganyiko wa jasho la watu kadhaa kwenye kitasa cha mlango, uwezekano unaweza kuwa mkubwa kiasi cha kumfanya shahidi mwenye haya ashushe sauti. Shahidi mzuri huitaja namba hiyo bila kusubiri kuulizwa na wakili. Na hata iwe ndogo namna gani, inajibu swali moja tu, doa ni la nani. Lilifikaje pale, na lini, hayo hayamo ndani ya mrija.

Alama za vidole nazo ziliingia katika kesi za mauaji kwa mlango huo huo wa kumtoa mtu. Juni 1892, huko Necochea katika jimbo la Buenos Aires, Argentina, watoto wawili walikutwa wameuawa nyumbani. Mama yao, Francisca Rojas, naye akiwa na jeraha shingoni, alimtaja mwanamume mmoja jirani aitwaye Velázquez. Polisi wakampiga, wakamfunga na kumlaza kando ya maiti za watoto ili dhamiri imsute. Hakukiri, kwa kuwa hakuwa na cha kukiri. Kisha akaja Inspekta Eduardo Álvarez, ambaye alikuwa amejifunza habari za mistari ya vidole kwa Juan Vucetich, mhamiaji kutoka kisiwa cha Hvar aliyekuwa akifanya kazi polisi. Álvarez aliona alama ya kidole gumba yenye damu kwenye mlango, akakata kipande cha ubao, akakilinganisha na vidole vya wahusika. Kidole kilikuwa cha mama. Alipoonyeshwa, akakiri.

Ila hapana na ndiyo zote mbili zinategemea kitu kimoja kisichosimuliwa kabisa, nacho ni kipimo tupu. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mgonjwa yeyote, tunaiendesha mashine ikiwa na kemikali zake tu, bila damu ya mtu. Ikisoma kitu, kitu hicho kimetoka kwetu: kwenye maji, kwenye chupa, kwenye mikono yetu. Wanafunzi wa mazoezi wanaona ni kupoteza muda. Huwa nawapa habari ya sumu iitwayo aseniki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkemia Mwingereza James Marsh aliitwa kupima kahawa iliyodaiwa kumuua mzee mmoja. Aliiona sumu, lakini mpaka siku ya kesi kielelezo chake kilikuwa kimeharibika, wazee wa baraza hawakuona kitu cha kuwaridhisha, mshtakiwa akaachiwa na baadaye akakiri kwamba aliua. Marsh alikasirika akabuni kipimo kipya, akakitangaza 1836. Mabaki yanayoshukiwa yanatiwa kwenye chombo chenye zinki na asidi. Kama mna aseniki inatoka gesi, na gesi hiyo ikipashwa moto ndani ya bomba la kioo inaacha utando mweusi unaong'aa. Utando haupotei, waweza kuupitisha mahakamani ukashikwa kwa mkono. Tatizo likajitokeza upesi. Kipimo kilikuwa kikali mno, na zinki na asidi za siku zile mara nyingi zilikuwa na aseniki ndani yake zenyewe. Ungeweza kupima maji matupu ukampata muuaji.

Mwaka 1840, katika mji wa Tulle, Ufaransa, Marie Lafarge alishtakiwa kumuua mumewe kwa sumu hiyo. Wakemia wa huko walipingana, wengine waliiona, wengine hawakuiona. Akaitwa Mathieu Orfila kutoka Paris, mtaalamu wa sumu aliyeheshimiwa kuliko wote. Orfila alisema aseniki imo ndani ya mwili, lakini hakuishia hapo. Alieleza pia kwamba haikutoka kwenye kemikali alizotumia, wala kwenye udongo wa makaburi uliolizunguka jeneza. Marie alihukumiwa, na ubishi juu ya hukumu ile haujaisha. Ila hiyo nusu ya pili ya ushahidi wa Orfila, ya kwamba hakikutoka kwetu wala hakikutoka ardhini, ndiyo maabara yenyewe.

Miaka 169 baadaye Ujerumani ililipia somo hilo hilo upya. Polisi walikuwa wakimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio yapatayo 40 ya Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji ya mwaka 1993, wizi wa magari, biskuti iliyoumwa na kuachwa, na hatimaye gari la polisi mjini Heilbronn ambako mwaka 2007 askari wa kike alipigwa risasi akafa. Magazeti yalimwita mwanamke asiye na uso. Zawadi iliyoahidiwa kwa atakayemfichua ilifika euro 300,000. Wataalamu walichambua tabia yake na kushangaa jinsi alivyobadilisha washirika na aina ya uhalifu. Mwaka 2009, wakijaribu kumtambua mwanamume aliyekutwa ameungua, walipata vinasaba vya mwanamke huyo huyo kwenye karatasi zenye alama za vidole za marehemu. Wakarudia kwa kijiti kingine cha pamba. Hakuna kitu.

Mwanamke alikuwepo kweli. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa kunaua vijidudu, hakuondoi vinasaba. Kila kipimo katika vile 40 kilikuwa sahihi, na kesi yote ilikuwa hewa. Kijiti kimoja kitupu kwa kila pakiti, kikipimwa kabla ya kwenda eneo la tukio, kingeweza kumaliza msako ule mapema zaidi. Mwaka 2016 kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo. Waliomuua yule askari walikuja kujulikana 2011: genge la kigaidi la Wanazi mamboleo, ambalo miaka yote hiyo halikuwa likitafutwa kwa mauaji yale.

Mfaransa Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi kwenye dari la mahakama ya Lyon mwaka 1910, anakumbukwa kwa kanuni kwamba kila mguso huacha alama. Kanuni hiyo husomwa kana kwamba inamhusu mhalifu peke yake. Inamhusu pia mfungaji wa pamba kiwandani. Inawahusu wahudumu wa gari la wagonjwa, kama ilivyotokea California mwaka 2012: tajiri mmoja aliuawa nyumbani kwake karibu na San Jose, na kwenye kucha zake vikapatikana vinasaba vya mtu asiye na makazi. Mtu huyo alikaa rumande miezi mitano na zaidi, adhabu ya kifo ikimning'inia kichwani, mpaka wakili wake alipofukua rekodi za hospitali. Usiku wa mauaji alikuwa amelazwa, amelewa hajijui. Wahudumu waliompeleka hospitali ndio walewale walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu. Maabara ilipouliza doa ni la nani ilijibu vizuri kabisa. Kilichomtoa ni karatasi ya wodini.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodharau fomu, lakiri na saini za kupokezana vielelezo. Mrija usio na jina kwetu hautumiki, hata kama kila mtu chumbani anajua ni wa nani.

Mpaka hapa nimesema habari za vitu, na vitu vina unafuu wake. Macho ya mtaalamu ni kesi ngumu zaidi. Machi 2004 mabomu yaliua zaidi ya watu 190 kwenye treni za Madrid. Kwenye mfuko wa plastiki wenye fataki za kulipulia ilipatikana alama ya kidole. Kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazokaribiana, na wa nne kwenye orodha alikuwa wakili wa Oregon, Mwislamu. Wataalamu watatu wa FBI walikubaliana kwamba ni yeye. Polisi wa Hispania walisema hapana katikati ya Aprili. FBI ikashikilia msimamo, na Mei wakili akawekwa ndani. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya upande wa utetezi, naye alisema ni yeye. Siku hiyo hiyo Wahispania wakatangaza mwenye kidole: Mwalgeria, Ouhnane Daoud. Wakili aliachiwa baada ya kukaa ndani wiki mbili, akaombwa radhi, na baadaye serikali ikamlipa dola milioni 2.

Uchunguzi wa ndani wa wizara ya sheria ya Marekani uligundua jambo ambalo naona ni zito kuliko kosa lenyewe. Baada ya kuamini kwamba alama ni ya wakili, wataalamu walianza kuisoma alama hafifu ya Madrid kwa kuongozwa na alama safi ya wakili, wakiona kwenye ukungu mistari waliyokwisha kuiona kwingine. Hapo hulinganishi tena vitu viwili.

Mwaka 2006 Itiel Dror na wenzake walifanya jaribio dogo, la werevu wa kuogofya. Waliwapa wataalamu watano jozi ya alama za vidole, wakawaambia ni ile jozi maarufu iliyokosewa na FBI. Kumbe kila mmoja alikuwa amepewa jozi ambayo yeye mwenyewe, miaka ya nyuma, aliithibitisha kazini kuwa inalingana. Watatu walisema hazilingani. Mmoja akasema hawezi kuamua. Mmoja tu alibaki na jibu lake la zamani. Vidole vilikuwa vilevile na macho yalevile. Kilichobadilika ni hadithi iliyosimuliwa kabla.

Kuhusu moto sina utulivu huo wa kusimulia. Kwa miongo mingi wachunguzi walirithishana dalili za moto wa kuchomwa makusudi: kioo kilichopasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na alama sakafuni zinazofanana na mafuta yaliyomwagwa. Walifundishana kazini, mzee kwa kijana, na hakuna aliyechoma nyumba ili kuhakiki. Mwaka 1991, Jacksonville, Florida, mtu mmoja akikabiliwa na mashtaka ya kuua familia kwa moto, upande wa mashtaka wenyewe ulipata nyumba kama ile, ukaweka samani kama zile, ukachoma kochi bila tone la mafuta. Ilitarajiwa chumba kizima kishike moto baada ya robo saa au zaidi. Kilishika chini ya dakika tano, na sakafuni zikabaki alama zilezile za "mafuta". Mashtaka yakafutwa. Vile vioo vya nyufa, majaribio ya baadaye yalionyesha, hupasuka hivyo vikimwagiwa maji ya zimamoto vikiwa moto.

Desemba mwaka huo huo nyumba iliungua Corsicana, Texas, mabinti watatu wadogo wakafa. Baba yao, Cameron Todd Willingham, alihukumiwa kifo, na alama za sakafuni na vioo vilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi. Aliuawa kwa sindano ya sumu Februari 2004. Wataalamu wa moto walioipitia kesi hiyo hawakuona msingi wa kisayansi wa kusema moto ule uliwashwa na mtu. Habari za Jacksonville zilikuwepo. Hazikumfikia aliyehitaji kuzisikia.

Kuna mengine ningeweza kuyarefusha, lakini yanatosha kwa ufupi. Mwaka 2015 FBI ilikubali kwamba, katika kesi ilizokwisha kuzipitia, wataalamu wake wa kulinganisha nywele kwa hadubini walizidisha maneno mahakamani katika zaidi ya 9 kati ya 10. Kulinganisha alama za meno kwenye ngozi kulikataliwa mwaka 2016 na jopo la washauri wa sayansi wa rais wa Marekani kwamba hakuna uthibitisho wa kukiamini. Na sikatai kwamba sayansi hii inakamata watu. Joseph James DeAngelo, muuaji na mbakaji aliyeitikisa California miaka ya 1970 na 1980, alipatikana 2018 kupitia vinasaba vya ndugu wa mbali waliojiandikisha kutafuta koo zao. Hata hapo, mwaka mmoja kabla, njia kama hiyo iliwapeleka wapelelezi kwa mzee mmoja wa Oregon aliyekuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Walichukua vinasaba vyake, vikasema siye, wakaondoka.

Swali linalobaki ni nani anamwajiri mpimaji. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti kali iliyosema kwamba, ukiacha vinasaba, hakuna njia iliyothibitishwa ipasavyo kuwa inaweza kumfunganisha mtu mmoja na kielelezo kwa uhakika mkubwa, tena kila mara. Ikashauri pia maabara zitolewe mikononi mwa polisi. Wengi waliupongeza ushauri huo na kubaki walipokuwa. Houston, Texas, ilikuwa na sababu ya kuufuata: mwaka 2002 kitengo cha vinasaba cha maabara ya polisi wake kilifungwa kwa kazi mbovu, na jengo lenyewe lilikuwa likivuja paa. Mwaka 2014 maabara mpya, isiyo chini ya polisi, ilichukua kazi.

Pale bahasha haitoki kwa mpelelezi moja kwa moja hadi kwa mpimaji. Katikati kuna idara inayopokea, na kupitia idara hiyo huchomekwa kesi za kubuni miongoni mwa zile za kweli, zikiwa na fomu, namba na lakiri zote. Jibu sahihi linajulikana tangu mwanzo, lakini mpimaji hajui ipi ni ipi. Ninawaonea wivu. Sisi wa hospitali hupelekewa sampuli za mtihani zikiwa zimeandikwa wazi kabisa kwamba ni za mtihani, na siku hiyo usishangae kukuta kila mtu amevaa glavu mpya na redio imezimwa.